Atakuja au Hatakuja: Kifaa cha Usikivu Ndani ya Chumba Chenye Kelele

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa elektroniki, Dar es Salaam, Siku ya Usikivu Duniani, 3 Machi

Walimu wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Naomba feni zote za ukumbi huu ziachwe zikizunguka, na madirisha ya upande wa barabara yabaki wazi. Najua mwenyeji wangu alitaka kuyafunga ili mnisikie vizuri. Ndugu yangu, yaache tu. Kelele hiyo ndiyo iliyonileta hapa leo.

Sasa naweka kipaza sauti mezani. Nitaziba mdomo kwa daftari hili msione midomo yangu, kisha nitasema sentensi moja kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida. Mliokaa safu za nyuma, mniambie: huyo ninayemtaja anakuja, au haji?

(Nikaisema. Nikaomba mikono. Safu za nyuma ziligawanyika karibu nusu kwa nusu.)

Nilisema, "Shangazi hatakuja kesho." Nyie ni vijana wa miaka 20 na kidogo, masikio yenu ni mazima, na bado nusu yenu mngekwenda kumpokea mtu ambaye haji.

Baba yangu alikwenda. Ni mwalimu mstaafu, anaishi Korogwe, na usikivu wake ulianza kufifia muda mrefu kabla hajakubali kulisema hilo. Siku ya arobaini ya ndugu yake nyumba ilijaa watu: sebule yenye marumaru sakafuni, pangaboi juu, watoto mlangoni, kina mama wakipakua chakula upande wa pili wa pazia. Binamu yangu akamwinamia akamwambia shangazi hatakuja kesho, mtoto wake anaumwa. Baba akaitikia kwa kichwa. Asubuhi yake akavaa kanzu safi, akaenda stendi, akakaa pale kuanzia saa mbili hadi adhuhuri akiangalia kila basi linaloingia kutoka Arusha. Alirudi akiwa amenyamaza. Jioni ndipo tulipojua kilichotokea, na binamu yangu karibu alie, kwa sababu alikuwa amemwambia, tena kwa heshima, tena karibu na sikio.

Siku ile baba alikuwa amevaa kifaa chake cha usikivu, kina betri mpya, na kilikuwa kimetugharimu fedha nyingi. Alikitoa sikioni akanikabidhi mkononi. "Mwanangu," akasema, "hiki kinanisikilizisha feni. Watu kimewaacha."

Nimefanya kazi ya kupima masikio na kurekebisha vifaa hivi kwa miaka mingi, na sijasikia mtu akilieleza tatizo letu kwa maneno machache kuliko hayo. Ndiyo sababu nataka niwaombe jambo moja. Mkianza kusanifu kifaa cha usikivu, msianzie kwenye kile kibanda cha kupimia chenye kuta za sponji. Anzieni sebuleni kwa baba yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachoharibika. Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama konokono, koklea. Humo mna seli zenye vinyweleo. Karibu 3,500 zimepangwa safu moja ya ndani, nazo ndizo zinazopeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Nyingine kama 12,000 zimepangwa safu tatu za nje, na hizi hufanya kazi ya ajabu: zinajikunja na kujinyoosha kwa kufuata mtetemo, zinaitia nguvu sauti ndogo, na zinainoa, ili sauti nzito ibaki mahali pake na nyembamba mahali pake. Uzee, kelele za viwandani na baadhi ya dawa huziua hizi za nje kwanza. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena.

Fikirieni chekeche ya unga ambayo matundu yake yamepanuka. Pumba zinapita pamoja na unga. Ukimwaga unga mwingi zaidi juu yake, utapata unga mwingi wenye pumba nyingi. Mtafiti Mholanzi wa usikivu, Reinier Plomp, aliliandika hili mwaka 1978: upungufu wa usikivu una sehemu mbili, sauti kufifia na sauti kuvurugika. Kifaa kinachokuza sauti kinaiponya ile ya kwanza. Ya pili inabaki palepale, nayo ndiyo inayomtesa mtu kwenye umati. Mtu akikuambia, "Nasikia lakini sielewi," usimwambie aongeze sauti. Amekueleza ugonjwa wake kwa usahihi kabisa.

Kwa hiyo kipimo chetu kiwe uwiano wa sauti ya msemaji na kelele iliyomzunguka. Mwenye masikio mazima huelewa nusu ya sentensi hata kelele ikiizidi sauti kwa desibeli kadhaa, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Ubongo wake unachambua. Mtafiti Mwingereza Colin Cherry alilionyesha hilo mwaka 1953: aliwavisha watu vipokea sauti, kila sikio likapewa maneno yake, akawaambia warudie ya upande mmoja tu. Waliweza. Ya upande wa pili hayakubaki kichwani, hata lugha ilipobadilishwa kuwa Kijerumani. Sauti ya mwanamume ilipogeuka kuwa ya mwanamke, hiyo waliigundua. Sikio lenye seli zilizokufa linaupelekea ubongo uji, na ubongo haupati pa kushika. Mgonjwa wetu anahitaji uwiano ulio bora kwa desibeli kadhaa ili afike pale wewe ulipo. Msiidharau desibeli moja. Kwa sentensi za kawaida, moja tu inaweza kumrudishia mtu maneno 10 katika kila 100.

Tunazipataje desibeli hizo? Sogeeni karibu muione hii. Hiki ndicho kifaa cha baba, nimekifungua. Mnaona vitundu viwili juu ya mgongo wake, kimoja mbele na kimoja nyuma, vimeachana kama sentimita moja? Kila kitundu kina maikrofoni yake. Sauti inayotoka mbele inafika kwenye kitundu cha mbele kwanza, halafu cha nyuma baada ya takriban maikrosekunde 29, yaani sehemu 29 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Inayotoka nyuma inafika kinyume chake. Chipu, ile kompyuta ndogo iliyo ndani ya kifaa, inaichelewesha sauti ya maikrofoni ya nyuma kwa muda huohuo, kisha inaitoa katika ile ya mbele, na kelele ya mgongoni inajifuta yenyewe. Ni hesabu ya kutoa tu, na mimi naiona nzuri sana.

Ila hesabu hiyo inadai maikrofoni mbili zinazofanana. Kitundu cha nyuma cha kifaa hiki nilikikuta kimeziba kabisa: vumbi la Korogwe, jasho, na mafuta ya nazi anayopaka baba kichwani kila asubuhi. Maikrofoni moja ilikuwa inasikia vizuri, nyingine inasikia kama iliyofungwa ndani ya blanketi. Ukitoa moja katika nyingine hapo, hakuna kinachofutika. Kifaa kilikuwa kinakuza pande zote kwa usawa, na pangaboi lilikuwa juu ya kichwa chake. Mwaka mzima amevaa hivyo, na hakuna fundi hata mmoja aliyemwambia kwamba vitundu husafishwa kwa brashi. Anayechora kifaa cha kuvaliwa pwani au kwenye joto aujue mwili utakaokivaa. Kifuniko cha kitundu kibadilishike bila kurudishwa kiwandani, na mtumiaji akiweze mwenyewe kwa vidole vya uzee.

Hata zikiwa safi, maikrofoni hizo mbili hazifui dafu kwenye chumba chenye mwangwi. Zinajua mbele na nyuma. Sebule ya marumaru na kuta za saruji huichukua sauti ya nyuma ikaigonga ukutani na kuirudisha kutoka mbele. Faida mliyoiona kibandani inapungua sana.

Njia ya pili ya zamani ni kupunguza kelele kwa maikrofoni moja. Chipu inakadiria kelele ikoje wakati hakuna anayeongea, kisha inaipunguza. Njia hii inafaa kwa kitu kimoja, nacho si kidogo: inampumzisha mtu, hachoki haraka. Kuelewa maneno, kwa jumla, haikumwongezea. Ilipokata kelele ilikata na maneno, kwa sababu yamekaa mahali pamoja.

Hapo ndipo akili mnemba ilipobadilisha mambo. DeLiang Wang na Eric Healy wa Chuo Kikuu cha Ohio State, pamoja na wenzao, walichapisha kazi yao mwaka 2013. Waliikata sauti vipande vidogovidogo, kwa muda na kwa masafa (uzito au wembamba wa sauti), mithili ya kitambaa cha drafti, na mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ukafundishwa kuamua kila drafti ni ya nani: ya maneno, ibaki, ya kelele, itupwe. Wenye usikivu hafifu waliposikiliza sauti iliyosafishwa hivyo, uelewa wao ulipanda sana, kiasi kwamba katika kelele ileile waliwapita vijana wenye masikio mazima waliosikiliza bila msaada. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama, nikatembea chumbani. Miongo mingi watu walikuwa wamejaribu bila kufika hapo.

Programu yao haikuwa imekaa ndani ya kifaa cha sikioni, na ninyi wahandisi mnajua maana yake. Betri ya kifaa kidogo ina kipenyo kisichofika milimita 8, inatoa kama volti 1.4, na chipu nzima inaishi kwa miliampea chache. Tena haina nafasi ya kufikiri kwa utulivu. Sauti ikichelewa kupita takriban milisekunde 10, mvaaji anasikia sauti yake mwenyewe mara mbili, moja kupitia mifupa na nyingine kupitia kifaa, na anakivua. Leo kuna vifaa sokoni vyenye mitandao hii ndani yake, kwa hiyo kazi inakwenda mbele. Bei yake bado iko mbali na pensheni ya mwalimu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi, na hili ni letu sisi tunaosema Kiswahili.

Mtandao hujifunza kutokana na unacholishwa. Ukiulisha maneno ya lugha fulani na kelele za nchi fulani, utajua kuzitenganisha hizo. Rudini kwenye sentensi yangu. Atakuja. Hatakuja. Kinachotofautisha ndiyo na hapana ni h moja, na h ni nini? Ni pumzi. Haina mlio wa koo ndani yake, ni hewa inayopita tu. Sasa sikilizeni feni hiyo hapo juu. Nayo ni hewa inayopita. Kwa chipu iliyofundishwa kukata kila kinachofanana na upepo, ile h ni kelele, itakatwa, na mtu ataachiwa sentensi safi, nzuri, isemayo kinyume cha alichoambiwa.

Kiingereza nacho kina h, lakini ikipotea mara nyingi maana inabaki. Kwetu inageuka. Na si h peke yake. Mkazo wa maneno yetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanzo wa kitenzi, mahali tunapoweka nani na lini, unabaki bila mkazo. Nimelipa, umelipa, amelipa: sehemu yenye nguvu ni ileile, na habari yote ya nani mwenye deni iko kwenye silabi dhaifu ya kwanza. Chumba kikiwa na mwangwi, mkia wa neno lililotangulia unaifunika silabi hiyo. Halafu kuna fika, shika, pika, zika. Mzee ambaye masafa ya juu yamemtoka, hayo kwake ni neno moja, na irabu ndizo zinazobaki zikivuma. Wazee wetu wanajaza pengo kwa kukisia, na wanakisia kwa ustadi mkubwa. Baba amekaa darasani miaka 30 na kitu, anaijua lugha nje ndani. Ila atakuja na hatakuja zote zina maana mbele ya jina la shangazi. Hapo hata ustadi wake wote haukuwa na la kumsaidia.

Kwa hiyo upimaji wetu nao lazima ubadilike. Tunamweka mtu kibandani, tunampigia milio ya king'ora kidogo, tunachora mstari kwenye karatasi, tunarekebisha kifaa kwa mstari ule. Mstari huo unatuambia sauti ndogo kiasi gani anaisikia. Hautuambii kama atajua nani haji. Mpima ampe sentensi za lugha yake, ndani ya kelele, ampandishie kelele hatua kwa hatua mpaka aone anapopotelea. Msweden Björn Hagerman alitunga sentensi za namna hiyo kwa Kiswidi mwaka 1982, na lugha nyingi zimefuata mfano wake. Afrika Kusini wamelifikisha kwenye simu ya mkononi: unasikiliza tarakimu tatu ndani ya kelele, unaziandika, dakika chache umepata jibu. Hivyo ndivyo ninavyotaka kifaa kihukumiwe kabla hakijauzwa kwa mzee yeyote.

Uingereza kuna mradi uitwao Clarity, wa vyuo vikuu vya Sheffield, Salford, Cardiff na Nottingham. Kuanzia 2021 uliwaita watafiti wa popote washindane kusafisha maneno ndani ya sebule zilizotengenezwa kwa kompyuta, na matokeo ya shindano la kwanza yalisikilizwa na watu wenye usikivu hafifu. Nimefurahi mno kwamba walianzia sebuleni. Katika sebule yao kelele ni kama ya mashine ya kufulia. Yetu ina pangaboi, mvua juu ya mabati, jenereta ya jirani, na watu kumi na watano wanaoongea kwa pamoja kwa sababu wanapendana.

Nisije nikawaacha mkidhani chipu ndiyo kila kitu. Ninachokiamini kuliko vyote ni kitu rahisi kuliko vyote: maikrofoni iende kwa mdomo. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6. Sentimita 15 kutoka mdomoni, halafu 30, 60, 120, 240. Ni maradufu mara nne, desibeli 24 zimekwenda, na hujatoka nje ya sebule. Maikrofoni ndogo inayobanwa kwenye kola ya msemaji na kurusha sauti moja kwa moja hadi sikioni inazirudisha nyingi kati ya hizo kwa mkupuo mmoja. Baba sasa anayo. Anampa anayetaka kuzungumza naye, anasema, "Shika hii, useme." Wajukuu wanagombania kuivaa. Kama fedha ya familia inatosha kitu kimoja tu, mimi nawashauri wanunue kifaa cha wastani pamoja na maikrofoni hiyo, waache kile cha bei kubwa.

Na chumba nacho. Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanafizikia Wallace Sabine alipewa ukumbi wa mihadhara ambao neno likisemwa lilizunguka zaidi ya sekunde 5 kabla halijafa. Usiku, mji umelala, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akapiga filimbi ya kinanda, akapima kwa saa. Mito ikiongezeka, mwangwi unapungua. Darasa la watoto, kwa kiwango cha Marekani, lisizidi sekunde 0.6. Sisi tunajenga madarasa ya saruji tupu na bati lisilo na dari, kisha tunasema mtoto yule hasikilizi. Sebuleni kwa baba tulitandika mkeka mkubwa, tukatundika mapazia mazito, tukaweka kiti chake mgongo ukutani ili kelele isimjie kwa nyuma. Gharama yake haikufika hata bei ya betri za mwaka.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa ajili ya usikivu wao, na kwamba ifikapo 2050 watazidi milioni 700. Sehemu kubwa wanaishi katika nchi zenye kipato kama chetu. Kila mmoja wao ana chumba chake na lugha yake.

Nimekuja na kazi ya kuwapa. Mimi na wenzangu wachache tunatunga jozi za sentensi kama ile ya shangazi, zinazotofautiana kwa h, au kwa silabi ya kwanza, au kwa f na sh. Tunazirekodi kwa sauti za wanawake, wanaume na watoto, kwa sababu mzee husumbuliwa zaidi na sauti ya mjukuu kuliko ya mtu mzima. Nataka watu wa Pemba, wa Mwanza, wa Mombasa, wa Lubumbashi, maana h ya kila mmoja ina pumzi yake. Wengine wenu tutawahitaji upande wa kelele: kurekodi stendi asubuhi, ukumbi wa harusi, darasa wakati wa mvua, kwa maikrofoni mbili zilizoachana sentimita moja, zikiwa zimefungwa pembeni ya kichwa cha mtu. Tutakutana Jumamosi saa tatu, maabara ya chini. Mwenye jenereta ndogo nyumbani aniambie kabla ya Ijumaa, tunaihitaji.